Fildi Dar es Salaam: wapi wiki nane zinalipa krediti, wapi zinaishia masjala

Kuanzia Julai hadi Oktoba maofisi ya Dar hujaa vijana wenye bahasha za kaki mkononi. Wengine wanatafuta PT, wengine fildi, na kwenye barua rasmi yote ni mafunzo kwa vitendo. Hapa tunaipima kama huduma nyingine yoyote inayolipiwa: ada umelipa, nauli umetoa, likizo yako imekwenda, je, unarudi na nini? Tunaangalia mambo mawili tu. La kwanza, krediti zitaingia bila ubishi? La pili, utakuwa na cha kuandika kwenye logibuku, lile daftari la kazi za kila siku, zaidi ya "nilipanga mafaili"?

Hukumu tunaitoa mapema ili mwenye haraka asipoteze muda: jina kubwa la ofisi halina alama hata moja. Ghorofa la vioo pale Posta lenye kiyoyozi linapendeza kwenye picha za kutuma kwenye magrupu, lakini alama zinatoka kwa mtu mmoja, msimamizi wa kazini anayeonekana kazini kila siku, anayejua ulichofanya na anayetia sahihi kila Ijumaa bila kubembelezwa. Ukimpata mtu huyo kwenye kaofisi ka vyumba viwili Magomeni, kaa hapohapo.

Hesabu ambayo wengi huijua matokeo yakishatoka

Kwa utaratibu wa TCU inayosimamia vyuo vikuu, na wa NACTVET inayosimamia vyuo vya ufundi pia, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Mwaka wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui 360. Wiki nane za siku tano, saa nane kwa siku, ni saa 320. Kwa hesabu kavu hizo ni krediti 32, lakini usizitarajie. Programu nyingi huipa fildi krediti chache kuliko hizo, na nyingine huifanya sharti la kufaulu au kufeli tu bila kuigusa GPA, yaani wastani wa alama zako. Fungua prospektasi, kile kitabu cha programu za chuo, ya mwaka ulioingia chuo, siyo ya mwaka huu, utafute msimbo wa somo na usome vitu vitatu: idadi ya krediti, kama zinaingia kwenye GPA, na alama zinavyogawanywa kati ya msimamizi wa kazini, msimamizi wa chuo, logibuku na ripoti.

Chukua mfano wa fildi ya krediti 10 inayoingia kwenye GPA. A ina pointi 5, C ina pointi 2. Tofauti yake mara krediti 10 ni pointi 30, gawanya kwa 120 za mwaka unapata 0.25. Kwa mwaka huo peke yake ni umbali wa kutoka 3.3 hadi 3.55. Ukigawanya kwa 360 za shahada nzima inabaki 0.08 hivi. Ndogo, sawa, ila wapo wanaokosa daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5, kwa pungufu kidogo kuliko hapo.

Tarajali ni kitu kingine. Ile ni ya waliokwisha kuhitimu, wanaoipata kupitia TaESA, huduma ya ajira ya serikali, au kwa mwajiri moja kwa moja, na haikuongezei krediti. Mwaka wa utarajali wa madaktari nao ni njia ya kuelekea leseni, shahada imekwisha kupatikana. Ukipeleka barua yenye neno tarajali wakati wewe ni wa mwaka wa pili, afisa utumishi anaiweka kwenye rundo lisilo lako, na hapo unasubiri jibu ambalo halitakuja.

Na anayefikiria kuhamishia krediti zake Marekani: huko shahada nzima kwa kawaida ni krediti 120, na vyuo vingi hudai saa 40 au zaidi za kazini kwa kila krediti moja, tena mwanafunzi huzilipia ada hata kama mwajiri hamlipi senti. Kwa hiyo namba zetu hazilingani na zao. Barua yako ya kumaliza fildi itaje jumla ya saa, si wiki pekee.

Sehemu kwa sehemu

Halmashauri tano za mkoa, yaani Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, ndizo mlango mpana kuliko yote. Njia ya barua inajulikana: masjala (chumba cha kupokelea barua na kutunza majalada), kwa Mkurugenzi, kwa afisa utumishi, kisha idarani. Tatizo ni wingi. Ikifika Agosti idara ya fedha inaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko viti, kazi ya watu wawili wanagawana saba, na mchana wote wanasoma simu. Wanaofaidika ni wanaoomba kushushwa kwenye kata. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ana vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Anahitaji mtu wa kukagua katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na andiko la mradi, kisha kwenda mtaani kuona kama hiyo mashine ya kukoboa au banda la kuku lipo kweli. Mwanafunzi wa sosholojia au maendeleo ya jamii akikaa hapo wiki nane ana ripoti inayojiandika. Makao makuu angepewa kitabu cha wageni. Kwa wapimaji na watu wa mipango miji, swali la kuuliza kabla ya kukubali ni moja: timu inatoka lini uwandani? Totali stesheni, ile mashine ya kupimia ardhi, ikikaa kabatini, nawe umekaa. Kata tunazipa nyota nne kati ya tano, makao makuu mbili.

Mashirika ya umma ya kiufundi, yaani maji, umeme na bandari, ndiyo mahali bora kwa mwanafunzi wa uhandisi katika jiji hili, kwa masharti. Omba karakana au kituo, na ukitaje kwa jina ndani ya barua. Mitambo ya umeme wa gesi ya Ubungo na Kinyerezi, au mitambo ya kusafisha maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayolisha jiji, inafundisha kwa wiki moja kitu ambacho makao makuu hayatafundisha kwa miezi miwili. Ya Ruvu ipo Pwani, hivyo piga hesabu ya malazi kabla ya kushangilia. Usiingie ukitegemea kugusa kila kitu. Umeme mkubwa hutaugusa na hupaswi kuugusa. Lakini utaratibu wa kibali cha kazi, nani anazima, nani anafunga kufuli, nani anatundika lebo, nani ana ruhusa ya kuwasha tena, ni mali ya kuandika kurasa tatu, na wahadhiri wa uhandisi wanaupenda kwa sababu haupatikani darasani. Omba uzungushwe sehemu nne kwa wiki mbilimbili. Wasipokuzungusha, wiki ya tano utaanza kurudia sentensi za wiki ya kwanza. Nyota tano ukipata karakana.

Wizara zilihamia Dodoma. Bado kuna wanaopeleka barua kwenye majengo ya zamani ya Kivukoni na Mtaa wa Samora wakashangaa kimya. Kama huna ndugu wa kukupokea Dodoma, ruka.

Mabenki tunayapa nyota mbili, na tunajua tutapingwa. Sababu ni ya kimfumo. Mwanafunzi hapewi akaunti ya kuingilia kwenye mfumo wa benki, na hawezi kupewa, maana kila muamala hubeba jina la aliyeufanya. Anabaki kuelekeza wateja, kujaza fomu za kufungulia akaunti na kupanga nakala za vitambulisho. Wiki ya kwanza inafundisha, ya tatu inachosha. Hali hiyohiyo ipo kwenye vitengo vya fedha vya serikali vinavyolipa kupitia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali: utaona skrini kwa mbali.

Mwanafunzi wa uhasibu aende kwenye ofisi ndogo ya ukaguzi na ushauri wa kodi iliyosajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Hapo kalenda yenyewe inakufundisha. Kila tarehe 7 kuna marejesho ya PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi), kila tarehe 20 kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani), hivyo ndani ya wiki nane unapitia mzunguko mzima angalau mara moja, na mara nyingi mara mbili. Kazi ya kawaida ni kuchukua ripoti za Z za mwezi, yaani jumla za mauzo ya kila siku zinazotolewa na EFD, mashine ya risiti za kodi, kuzilinganisha na kitabu cha mauzo na taarifa ya benki, kisha kueleza kwa nini hazilingani: siku ambayo mashine ilikuwa mbovu, risiti iliyokatwa mara mbili, mauzo ya mkopo yaliyoingizwa mwezi usiohusika. Hiyo ni ripoti ya fildi tayari. Kasoro ya ofisi hizi ni kwamba mwenye ofisi ndiye msimamizi, ndiye anayekwenda kwa wateja, na ndiye asiyepatikana siku mhadhiri anapokuja. Mkubaliane mapema nani anamkaimu. Nyota tano zikiwa na kaimu, tatu bila yeye.

Viwanda vya Barabara ya Nyerere, Chang'ombe na Mikocheni ni vizuri kwa mekanika, umeme na usindikaji wa vyakula, ila uwe macho na mstari kati ya mwanafunzi na kibarua. Kupanga katoni kwa zamu ya saa nane ni kibarua. Kukaa na fundi wa matengenezo wakati mstari umesimama ni fildi. Uliza siku ya kwanza: nipo chini ya uzalishaji au chini ya matengenezo? Ukiambiwa uzalishaji, omba angalau nusu ya muda upelekwe kwenye matengenezo au maabara ya ubora.

Kampuni changa za programu za kompyuta, nyingi zikiwa maeneo ya Sayansi Kijitonyama zilipo COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na Buni Hub, kituo chake cha wabunifu, zinafundisha kweli, maana unapewa kazi halisi na kodi yako (code ya programu, siyo ya TRA) inaonekana kila siku. Zinakwama kwenye karatasi. Utakuta kampuni haina mhuri, haina barua yenye nembo, timu inafanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, na mhadhiri akifika anakuta mlango umefungwa. Kabla ya kukubali hakikisha imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ina mhuri, na kuna ratiba ya maandishi ya siku za ofisini. Kwa mwanafunzi wa IT chapa historia ya mabadiliko ya kodi yako kama kiambatisho cha ripoti. Kama ushahidi, inazidi sahihi kumi.

Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zina utaratibu wao: uuguzi na maabara wana kitabu cha stadi ambamo kila tendo linahesabiwa na kusainiwa, na wodi zina wagonjwa wa kutosha kukijaza. Hoteli: zamu ngumu, chakula kipo, omba usibaki kwenye housikipingi wiki zote nane.

Barua, kwa mpangilio unaofanya kazi

Anza Februari. Aprili umechelewa kwa mashirika ya kiufundi, Juni umechelewa kwa karibu kila mtu isipokuwa kata. Chukua barua ya utambulisho idarani, itaje jina la programu, mwaka wa masomo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na stadi unazotakiwa kupata. Barua inayosema tu "anahitaji kufanya mafunzo" inamwachia afisa utumishi akuweke anapotaka, na anapotaka ni masjala.

Toa nakala ya kila barua. Ile ya kwanza inabaki masjala, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uandike pembeni namba ya jalada. Ukirudi wiki mbili baadaye bila namba hiyo utaulizwa "uliileta lini?" na safari itaanza upya. Peleka sehemu tatu hadi tano, siyo kumi na tano. Zikikujibu nyingi utazikataa nyingine, na ofisi iliyokataliwa mwaka huu haitawakumbuka vizuri wenzako wa mwakani.

Barua ya kukubaliwa isome kabla hujaipeleka chuoni. Iwe na tarehe mbili, idara na jina au cheo cha msimamizi. Kama tarehe zinatoa wiki saba, rudi wakaandike nane, maana chuo kitahesabu. Hesabu pia sikukuu: Saba Saba na Nane Nane zote huangukia msimu huu, na Maulid huja kwa mwandamo wa mwezi. Vyuo vingine havikudai siku hizo, vingine vinataka siku 40 kamili za kazi.

Kuhusu kulipia nafasi: kuna taasisi zinazotoza ada ya mafunzo kwa utaratibu ulioandikwa, na hilo ni lao. Ya umma hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ya binafsi kwa risiti ya EFD. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu ya kutumia hela, ondoka.

Logibuku ndiyo mtihani

Ukurasa wa wiki kwa kawaida una mistari ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa za kazi, nafasi ya kueleza kazi kuu ya wiki, nafasi ya mchoro kwa watu wa ufundi, kisha maoni na sahihi ya msimamizi. Wanafunzi wengi huandika hivi: "Jumanne. Nilisaidia kutengeneza pampu." Mhadhiri hana pa kuweka alama hapo. Linganisha na hii:

"Jumanne. Mota ya pampu, 7.5 kW, ilikuwa inavuma na kupata joto upande wa shafti. Tulizima, fundi akafunga kufuli kwenye swichi. Tulitoa beringi 6308, njia ya mipira imekwanguka, grisi imekuwa nyeusi na ngumu. Beringi mpya ilipashwa kwa hita hadi nyuzi 100 hivi ikavalishwa bila kugongwa nyundo. Sababu tuliyoafikiana: grisi ilijazwa kupita kiasi matengenezo yaliyopita."

Mistari mitano, na kila mmoja una kitu: ukubwa, dalili, usalama, namba ya kipuri, njia, sababu. Kwa uhasibu ni vilevile: hati za malipo ngapi ulizipitia, ngapi zilirudishwa, zilirudishwa kwa kukosa nini. Kwa ustawi wa jamii andika aina ya shauri, hatua iliyochukuliwa na sheria au mwongozo uliotumika, lakini jina la mteja usiliandike kabisa. "Mteja A" inatosha, na mwanafunzi anayeacha majina ya watoto kwenye logibuku amejikata alama za maadili mwenyewe.

Siri ya kuandika hivyo ni kidaftari cha mfukoni. Namba za vipuri na idadi za hati hazikumbukiki Ijumaa jioni, sembuse wiki ya nane. Wanaojaza logibuku yote siku tatu za mwisho wanajulikana kwa mbali: kalamu moja, mwandiko mmoja wa haraka, sahihi nane zenye mkunjo uleule. Na kuna mtego ambao wahadhiri huufungua kwanza, tarehe 8 Agosti. Ukiwa umeandika "niliendelea na kazi za ofisi" siku ambayo ofisi ilifungwa kwa Nane Nane, kurasa zilizobaki zinasomwa kwa jicho lingine.

Msimamizi wako akienda likizo au akihamishwa, usisubiri arudi. Aandike mstari mmoja wa kukabidhi, tarehe na sahihi, na kaimu aendelee kuanzia wiki ile. Fomu ya siri ya tathmini ndiyo inayoharibika zaidi hapa: wiki ya mwisho aliyekujua hayupo, aliyepo hakujui, anakupa wastani wa kila kitu kwa kuogopa. Mpelekee msimamizi fomu hiyo wiki ya sita. Ijazwe, ifungwe kwenye bahasha, mhuri ugongwe juu ya mdomo wa bahasha. Mhuri wa pembeni ya bahasha unazua maswali.

Siku mhadhiri anapokuja

Wasimamizi wa chuo hupangwa kwa kanda, na mmoja anaweza kupitia wanafunzi wengi kwa siku: asubuhi Posta, mchana Barabara ya Nyerere. Kwako atakaa dakika 20, pengine 30. Ukiwa "nimetoka kidogo", foleni ya Dar haimrudishi. Mtumie mahali kamili: mtaa, jengo, ghorofa, idara, jina la kumwambia mlinzi getini. Mlinzi naye mjulishe. Kuna mageti ambayo mgeni asiye na miadi hapiti hata akitoa kitambulisho cha profesa.

Atauliza mambo matatu karibu kila mara. Kazi yako kuu ni ipi, umekuta tatizo gani hapa, na ungelitatuaje. Jibu la tatu ndilo linalotenganisha B na A. "Waongeze bajeti" si jibu. "Ripoti za Z zichapwe kila siku kabla ya kufunga, badala ya kusubiri mwisho wa mwezi" ni jibu. Atazungumza na msimamizi wako faragha, hivyo msimamizi ajue siku tatu kabla kwamba kuna ugeni na aikute logibuku imekamilika mezani.

Fedha na njia

Wanufaika wa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, waliopangiwa kipengele cha mafunzo kwa vitendo kwa miaka mingi wamekuwa na kiwango cha hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, yaani 560,000 kwa ukomo. Si kila mwenye bumu ana kipengele hiki, kiangalie kwenye akaunti yako ya mkopo kabla hujapanga bajeti. Wiki mbili za kwanza zipangie hela ya mfukoni. Mwajiri hana wajibu wa kukupa posho. Wanaotoa nauli na chakula cha mchana wapo, shukuru lakini usichague kazi kwa sababu hiyo.

Chagua kwa njia unayopita. Anayelala Kimara na kufanyia Kivukoni ana mwendokasi moja kwa moja. Anayelala Mabibo na kufanyia Kigamboni ana daladala, pantoni pale Magogoni na daladala nyingine, au azungukie Daraja la Nyerere, na saa mbili asubuhi sahihi ya mahudhurio inamsubiri. Nauli nafuu waliyonayo wenye sare za shule, wewe wa chuo usiitegemee. Vifaa vya usalama uliza mapema: helmeti na reflekta mara nyingi huazimwa, buti hujinunulia. Chukua zenye chuma puani, hata kama ni za mtumba wa Karume, ila soli iwe haijapasuka.

Ripoti haihitaji maneno mengi. Fuata mwongozo wa idara kwa idadi ya kurasa na mpangilio, historia ya taasisi isizidi kurasa mbili, mzigo uwe kwenye kazi ulizofanya na tatizo moja ulilochambua. Stationari za jirani na vyuo zina ripoti za miaka iliyopita kwenye kompyuta zao, na mtu atakuonyesha kwa wema tu. Vyuo vinapitisha ripoti kwenye programu za kukagua maandishi yaliyonakiliwa, na aliyenakili huwa wa kwanza kunaswa kwa jina la taasisi alilosahau kubadilisha ukurasa wa 14. Chapa nakala mbili za spairo, ya tatu ibaki kwako pamoja na picha za kila ukurasa wa logibuku, kwa sababu logibuku ikishakabidhiwa kwa kawaida hairudi.

Fildi kwa kawaida haina sapu, yaani mtihani wa marudio. Hakuna karatasi ya kukalia Septemba, kuna kurudia wiki nane likizo ijayo, na kwa wa mwaka wa mwisho hiyo ni mahafali kupita bila yeye. Kwa hiyo matokeo yakitoka, usiangalie GPA tu. Tafuta mstari wa fildi wenyewe kwenye mfumo wa matokeo. Mstari huo ukiwa mtupu, au una alama pungufu wakati ulifaulu, nenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara wiki hiyohiyo, kabla matokeo hayajapitishwa na seneti, ukiwa na nakala ya barua ya kukubaliwa, picha za logibuku na karatasi uliyosaini siku ya kukabidhi ripoti. Mara nyingi fomu ya siri ipo droo moja na alama zako zipo droo nyingine, na anayezikutanisha ni mwenye karatasi mkononi.